Aliyegawa Hija Mara Kumi na Moja

Juma lililopita tulimwacha Shuruki amepiga magoti ndani ya ghala la Salmabad, kucha yake imo chini ya stika ya mwisho kabisa, na mlango wa chuma unaburuzwa nyuma ya mgongo wake. Wengi mmepiga simu gazetini mkitaka kujua nani aliyefunga. Mmoja amenitukana kabisa, na namba yake ninayo. Haya, nawajibu.

Aliyefunga ni Sardar, mlinzi.

Wala hakuwa na ubaya. Ilikuwa saa sita kamili ya mchana wa Julai, na Julai kwetu serikali imekataza kazi za juani kuanzia saa hiyo mpaka saa kumi. Sardar aliburuza mlango, akabana kufuli, akaenda zake kula wali na kujinyoosha. Shuruki alipoingia yeye alikuwa msalani, kwa hiyo hakujua kama ndani kuna mtu.

"Sardar! We Sardar! Niko ndani huku!"

Akavua kiatu, akagonga bati mpaka kisigino kikakatika. Nje pikipiki iliwaka, ikanguruma, ikapotea. Kukabaki kimya na joto.

Kwa mliokosa magazeti ya nyuma nitasema mara moja tu, kisha tuendelee. Shuruki ni mkaguzi wa ndani wa Benki ya Nakhla, Manama. Benki ikisema imenunua friji mia nne na kumuuzia mteja kwa faida, yeye ndiye wa kwenda kuziona na kuzishika kwa mkono wake. Mali isiposhikwa hakuna murabaha, hayo mauzo ya faida ya halali, ni riba iliyovaa kanzu. Sasa Jumapili binti yetu alitia sahihi fomu kwamba friji za ghala hili amezishika, ilhali hata ofisini hakutoka. Aliombwa na mtu anayemwamini, naye akaona haya kukataa. Jumatano aibu ikamzidi, akaja mwenyewe kuzishika kabla fomu haijasomwa mbele ya Bodi ya Sharia saa kumi na nusu.

Friji alizikuta. Ila kila boksi lilikuwa na stika saba, moja juu ya mwenziwe, kila stika na jina la mnunuzi wake. Friji zilezile, hazijatoka hapo, zimeuzwa kwa watu saba, na kila mara benki imetoa pesa upya.

Akarudi kwenye boksi lake, akavuta stika ya chini kabisa mpaka ikatoka nzima. Ilikuwa ya miaka kumi na moja nyuma. Akasoma jina la mnunuzi wa kwanza.

Ghaliya binti Rashdan.

Mama yake mzazi!

Mama Ghaliya, mjane wa Muharraq, anayeuza achari na mchuzi wa samaki kwenye chupa, na leseni ya biashara ameitundika jikoni juu ya jiko. Maisha yake yote amenunua friji moja tu, na hiyo nayo mlango wake unafungwa kwa kamba.

Shuruki alikaa chini kwenye saruji. Hesabu ilikuwa fupi na chungu. Akisema, mlango wa kwanza kubishwa na polisi ni wa mama yake. Akinyamaza, fomu itapita saa kumi na nusu, naye atakuwa mwizi kwa sahihi yake mwenyewe. Alianza kulia, akajikemea, akatoa simu.

Duniani alikuwa na mtu mmoja tu wa kumpigia.

"Mjomba! Nimefungiwa ghalani Salmabad!"

"Yarabi! Una maji?"

"Chupa moja, nusu yake nimekunywa."

"Kaa chini, usizungukezunguke. Nakuja sasa hivi."

Mjomba Marzuki, kaka wa mama yake, ndiye aliyemlea tangu baba alipofariki. Ndiye aliyemsomesha, ndiye aliyemtafutia kazi. Pale benki ni mkuu wa kitengo cha murabaha. Mtauliza, mkaguzi anamkaguaje mjomba wake? Na mimi niliuliza. Fomu ya kiapo imetaja baba, kaka, mume na mtoto. Mjomba hayumo. Kisiwa chenyewe hiki, ukianza kuwatoa wajomba, nani atabaki ofisini?

Tena Marzuki si mtu wa kushukiwa. Wafanyakazi wanamwita walii. Kila mwaka benki inawalipia Hija watu kumi, na jina lake ndilo la juu. Kila mwaka anasimama mbele ya wote na kusema, nafasi yangu mpeni mwenye haja zaidi. Amehiji mpika chai, amehiji dereva, amehiji mama anayefagia ngazi. Yeye bado.

Haikupita nusu saa, mlango mdogo wa ubavuni ukafunguliwa. Mjomba akaingia na kanzu yake nyeupe pe, chupa ya chai mkono mmoja, mfuko wa sambusa mkono wa pili. Akaurudisha mlango nyuma yake, ukajifunga.

"Kunywa kwanza. Uso umekuwa kama nyanya."

"Chai, Mjomba? Na joto hili?"

"Chai ndiyo inayotoa jasho. Kunywa, usinibishie."

Akanywa, akala sambusa mbili, maana tangu alfajiri hakutia kitu tumboni. Mjomba alijipangusa shingo, akakaa juu ya boksi, akamtazama kwa huruma. Na hapo kwenye huruma ndipo kitu kilipomgutua Shuruki.

"Mjomba, Salmabad ina maghala mangapi?"

"Ah, nani ayajue. Mamia."

"Hukuniuliza niko ghala gani."

Mjomba alikifunga kikombe cha chupa taratibu, akakizungusha mpaka mwisho.

"Na ufunguo huo? Hili ni ghala la mteja. Mtu wa benki haruhusiwi hata kukaribia ufunguo wake. Sheria hiyo umenifundisha wewe."

"Nimekufundisha vizuri mno," alisema Mjomba. "Kosa langu."

Msomaji wangu, mimi ninayeandika hapa nilimpenda sana Marzuki tangu sehemu ya kwanza. Mkono wenyewe ulikuwa mzito kuandika mstari huu.

"Ni wewe," Shuruki alisema.

"Punguza sauti."

"Nani atanisikia? Sardar yuko na wali wake! Ni wewe, Mjomba! Umemuuzia mama yangu friji mia nne!"

"Nimemuuzia kwa karatasi. Nilimwomba leseni yake kwa miezi mitatu. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, rafiki yangu, nilimpitishia mauzo bila kuiona mali. Akakimbia. Nikabaki na shimo. Nikasema nilizibe kwa miezi mitatu tu, nitapata njia."

"Miezi mitatu imekuwa miaka kumi na moja?"

"Shimo unaliziba kwa udongo wa shimo jingine, mwanangu. Mauzo mapya yanalipa ya zamani. Kila mwezi kila kitu kinalipwa. Benki haijapoteza hata fulsi moja!"

"Haijapoteza kwa sababu hujasimama kuchimba."

Mjomba alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Ulimi huo umerithi kwa mama yako."

"Usimtaje mama yangu."

Shuruki aliitazama tena ile stika iliyokuwa imemganda kidoleni. Akatazama mwaka. Akarudia kuutazama.

"Mwaka huu," alisema. "Huu ndio mwaka uliompa Shahul wa jikoni nafasi yako ya Hija. Nilikuwa shule. Mama alikupikia harisi, akatangaza mtaa mzima kwamba kaka yake ni mtu wa peponi."

Mjomba aliinama, akaanza kukusanya makombo ya sambusa.

"Hukumpa kwa huruma. Ukienda Hija ni wiki tatu, na wiki tatu mtu mwingine atakaa kwenye meza yako na kufungua mafaili. Ndiyo maana! Mwaka wa dereva, mwaka wa mfagiaji, miaka yote! Sisi tunasema walii, walii, kumbe mlinzi wa droo!"

"Shahul alilia miguuni pangu," Mjomba alisema. "Aliporudi aliniletea maji ya Zamzam na tende, akasema ameniombea pale mlangoni. Nikaamini na mimi nimefanya jema. Unajua lini nililala nje ya kisiwa hiki mara ya mwisho? Hata arusi ya Faris huko Jidda nilikwenda asubuhi nikarudi usiku. Mwanangu wa kuzaa. Niliwaambia kazi."

Shuruki alimwonea huruma, na alijichukia kwa kumwonea.

"Fungua mlango, Mjomba."

"Nafungua. Sikuwekei masharti yoyote." Akasimama, akatoa ufunguo. "Nenda kwenye kikao, sema uliyoyaona. Humu nakutoa. Kule kwingine ndiko nilikokwisha kufunga."

"Kule wapi?"

"Twende, utajua njiani."

Walipanda gari lake. Kiyoyozi kiliwaka, barabara ilikuwa tupu, na kabla hawajafika kwenye mataa simu ya Shuruki ikaita. Mjomba alinyoosha kidole akabonyeza kipaza sauti.

"Shuruki! Umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Muongo. Sauti yako ya njaa naijua. Nimekuwekea wali wa majbusi wa kuku, uje mapema, usije saa tano ya usiku kama jana. Uko na nani?"

"Na Mjomba."

"Ah, Marzuki! Kaka, ile karatasi uliyoniletea asubuhi nimeshaitia sahihi. Pale chini nimeandika na jina kamili kama ulivyosema. Leseni itahuishwa lini? Nina chupa mia za achari zinangoja nembo!"

"Karibuni, dada yangu."

"Allah akulipe. Bila wewe sisi tungekuwa wapi? Shuruki, mbusu mjomba wako mkono!"

Simu ikakatika. Shuruki aliishika kwa mikono yote miwili.

"Karatasi gani, Mjomba?"

"Dhamana," alisema, macho barabarani. "Ya mauzo haya ya leo, ya stika ya juu. Mnunuzi wa kwanza ni yeye, na mdhamini wa mwisho ni yeye. Katikati kuna sahihi yako niliyokuomba Jumapili, kwamba mali umeishika. Jina langu haliko popote. Wewe mkaguzi, kagua mwenyewe. Utanipata wapi?"

"Unamtia dada yako kitanzini?"

"Simtii. Nanyamaza, unanyamaza, hakuna kitanzi. Ana sukari, yule. Ndani wiki moja tu hamalizi. Sikutishi, Shuruki. Nakuhesabia."

Shuruki alikuwa na njia ya nyumbani aliyoipita tangu utoto, na leo kila kichochoro chake kilikuwa na ukuta. Akisema, mama. Akinyamaza, siku moja mama atakamatwa vilevile, na yeye pamoja naye. Alitamani afungue mlango wa gari lile likiwa mwendoni.

Saa kumi na nusu masheikh watatu walikuwa wamekaa. Mwenyekiti wao, Sheikh Sanad, ni mzee wa macho makali, hapendi karatasi, anapenda maswali. Ukimpa faili anasinzia, ukimpa swali anakunja mikono ya kanzu. Kulia kwake alikaa Mjomba Marzuki na tasbihi yake. Mbele yao Bwana Ghazwani, mkurugenzi mkuu, alikuwa anatazama saa, kwa kuwa yeye maisha yake yote anatazama saa.

"Mauzo ya friji, ghala la Salmabad," Ghazwani alisoma. "Mkaguzi amethibitisha kushika mali. Tupitishe?"

"Naiondoa fomu yangu," Shuruki alisema.

Ghazwani alishusha karatasi. "Unaondoa nini?"

"Niliitia sahihi Jumapili kabla ya kwenda ghalani. Sikuishika mali. Nilisema uongo kwa kalamu."

Mjomba aliacha kuzungusha tasbihi. Sheikh Sanad, aliyekuwa ameanza kusinzia, alifungua jicho moja.

"Kwa nini, binti?"

"Uvivu, Sheikh. Na kuona haya."

"Na leo umekwenda?"

"Nimekwenda. Sijamaliza kukagua."

Hapo msomaji utanipigia tena simu. Utasema, mbona hakutoboa? Wewe ungetoboa, mama yako akiwa jikoni anakuwekea majbusi? Shuruki alihitaji siku. Siku za kumchukua mama yake kwa mkono, ampeleke kwa mwanasheria, wajisalimishe wao kabla hawajafuatwa. Lakini siku hizo hazina maana Marzuki akiwa pale pale, mkono ndani ya droo, anachana leo na kubandika kesho. Alihitaji mkono ule utoke. Na tangu wakiwa garini, kitu kimoja tu kilikuwa kimemjia kichwani.

"Masheikh, kabla hamjanihukumu, nina swali la fiqhi."

Sheikh Sanad alikaa vizuri, akaanza kukunja mikono ya kanzu. "Uliza!"

"Mtu mzima, mwenye afya na uwezo. Hajahiji hata mara moja. Analipiwa Hija kila mwaka, na kila mwaka nafasi yake anampa mwingine. Mara kumi na moja. Hukumu yake nini?"

"Anampa mwingine! Na yeye faradhi yake hajaitimiza?"

"Hajaitimiza."

"Basi huyo amepotoka! Mtu anagawa nguo, anagawa chakula. Faradhi iliyo shingoni mwake haigawiwi kama tende. Mwenye uwezo akachelewesha bila udhuru, ana dhambi. Akifa kabla, atasema nini? Nilimpa dereva?" Wenzake wawili waliitikia kwa vichwa. "Nani mjinga huyo? Mleteni nimfunde."

"Ni Baba Faris, Sheikh. Yuko hapo kulia kwako."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Sheikh Sanad aligeuka polepole. Miaka yote hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyempongeza Marzuki, mwaka wa mfagiaji alimbusu hata kipaji cha uso, na sasa alikuwa amekwishatoa hukumu mbele ya watu.

"Baba Faris," alisema. "Ni kweli hujahiji hata ile ya kwanza?"

"Sheikh, unajua kazi..."

"Kazi! Benki itaanguka ukienda kuhiji?"

Msomaji, katika chumba kile kulikuwa na watu wawili tu waliojua jibu, na mmoja wao alikuwa anatoka jasho chini ya kilemba.

"Nimekosa mimi, nimekosa na kukusifu," Sheikh Sanad aliendelea. "Leo narekebisha. Msafara wa benki unaondoka lini, Ghazwani?"

"Jumamosi asubuhi, Sheikh. Nafasi yake bado iko, alikuwa hajataja wa kumpa."

"Asitaje. Aende mwenyewe! Andikeni ni azimio la Bodi."

Shuruki alimtazama mjomba wake kwa mara ya kwanza tangu waingie. Uso ulikuwa umempauka. Moyo wa binti uliruka kwa furaha, naam, furaha, siwezi kuificha. Wiki tatu! Wiki tatu bila mkono ule! Mama atakula chakula cha jioni, kesho asubuhi wataanza safari ya kwenda kwa mwanasheria.

Kisha Mjomba akafuta jasho. Akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi.

"Labbaika," alisema. "Sheikh, umeniamsha usingizini. Nitakwenda. Nina ombi moja tu, msinikatalie."

"Sema, Haji wetu."

"Mpwa wangu huyu amekosea leo, lakini amekiri mwenyewe, mbele yenu, bila kushikwa. Wangapi wangekiri? Msimfukuze. Katika ukaguzi hafai tena, hilo ni sawa. Nipeni mimi. Akae kwenye meza yangu hizi wiki tatu, ajifunze uaminifu kwa kazi ngumu. Na mafaili yangu, haki ya Mungu, hakuna mwingine atakayeyaelewa."

"Hapana," Shuruki alisema. "Bwana Ghazwani, sheria inasema akae mtu wa nje ya kitengo. Hamdani wa idara ya kudhibiti hatari, au yeyote..."

"Wewe ni wa nje ya kitengo," Ghazwani alisema, macho kwenye saa. "Na Hamdani yumo kwenye msafara huohuo. Kuanzia sasa si mkaguzi, rudisha kitambulisho cha ukaguzi leo hii. Jumapili saa mbili uwe kwenye meza ya murabaha. Shukuru hujafukuzwa."

"Lakini mimi ni..."

"Ni mpwa wake, tunajua. Fomu haikatazi. Mjomba hayumo."

Masheikh waliinuka. Sheikh Sanad alimsifu Marzuki kwa upole wake kwa vijana, akamsifu na Shuruki kwa swali zuri. Mlangoni watu walijipanga kumpa Marzuki mkono, mmoja mmoja, kila mtu na jina la mgonjwa wake wa kuombewa. Shahul wa jikoni alikuja na trei mkononi, akaiweka chini, akamkumbatia akilia.

Shuruki alijibana ukutani. Alielewa vizuri. Akiwa mkaguzi angeweza kuandika ripoti; akiwa mtu wa kitengo, kila faili atakalofungua kuanzia Jumapili ni lake. Alikuwa amejenga mtego kwa mkono wake, akauona unafungwa, na alipotazama vizuri aliyekuwa ndani alikuwa yeye.

Watu walipopungua, Mjomba alimsogelea. Akamkumbatia kama kawaida yake, mkono mmoja juu ya kichwa, na kwa mbali ungedhani anampa baraka.

"Jumapili saa nne," alimnong'oneza. "Yale mauzo uliyoyaondoa yatarudi mezani. Ukiyapitisha, pesa yake inalipa deni la jina la mama yako na analala usingizi mwezi mzima. Usipoyapitisha, yanakwama, na Jumatatu wanabisha hodi Muharraq. Faili liko droo ya pili."

"Sitayapitisha."

"Utayapitisha. Nilisema hivyohivyo mwaka ule."

Shuruki alimshika mkono wa kanzu. Alikuwa analia waziwazi sasa, na waliopita walidhani ni uchungu wa kuagana.

"Mjomba, nakuomba. Ninakuomba kama baba. Nenda kahiji, toba yako umwachie Mungu. Ukirudi tutakwenda wote watatu, wewe, mimi na Mama. Utasema wewe mwenyewe kwamba yeye hakujua kitu. Nitaivumilia ile meza wiki tatu, kwa ajili yake. Wiki tatu tu, mpaka urudi."

Marzuki alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayetazama mtoto aliyemlea na kugundua kwamba bado ni mtoto. Miaka kumi na moja alikosa kitu kimoja tu cha kumwezesha kuvuka daraja la kutoka kisiwani: mtu wa kuaminika wa kukaa kwenye kile kiti.

"Wiki tatu?" alisema. "Mwanangu, nani amekwambia ninarudi?"